Bomba Lenye Mdomo Wazi

Katika kanuni za mabomba ya viwandani imo sentensi moja fupi ambayo mafundi wengi huipenda, kwa sababu inawapunguzia kazi. Inasema kwamba bomba ambalo mdomo wake uko wazi hewani, mathalani la kutolea hewa au la kumwagia maji, ile sehemu iliyo baada ya valvu ya mwisho, si lazima lipimwe kama linavuja, isipokuwa pale ambapo msanifu ameagiza vinginevyo. Sentensi hiyo imo katika kanuni inayoitwa B31.3 ya Chama cha Wahandisi Mitambo cha Marekani, kwa kifupi ASME. Mimi niliikuta katika fotokopi iliyoliwa pembe na mchwa, kwenye karakana moja hapa Dodoma, na tangu siku hiyo nimeitafakari kuliko sentensi fupi kama hiyo inavyostahili. Nitaeleza ilikotoka, na nitaeleza pia yaliyoipata ilipofika huku kwetu kwenye uwanda wa juu, mahali ambapo maji hayajapata kuwa kitu cha kuchezea.

Kwanza, ndugu msomaji usiyekuwa fundi, nikueleze bomba hupimwaje. Linajazwa maji mpaka hewa yote itoke. Ncha zake zinazibwa. Kisha maji yanasukumwa kwa pampu ndogo ya mkono hadi msukumo ufikie mara moja na nusu ya ule ambao bomba limesanifiwa kuubeba. Hapo watu wanangoja, si chini ya dakika 10, na mmoja anatembea kiungo kwa kiungo akitazama kama kuna jasho. Vitabu vya shule huuita msukumo huo kanieneo, neno zuri kabisa, ila sijapata kulisikia kinywani mwa fundi. Mafundi husema presha, na mkubwa wao akiuliza, "Presha imeshuka?" mgeni anaweza kudhani wanamzungumzia mgonjwa.

Sasa chukua bomba ambalo mdomo wake uko wazi. Ukisukuma maji upande mmoja, yanatoka upande wa pili. Ni sawa na kujaza unga katika gunia lisilo na kitako. Ili kulipima huna budi kuuziba mdomo huo kwa nguvu, na ukiisha kuuziba unakuwa umelipima kwa hali ambayo halitaikuta maisha yake yote. Kwa hiyo walioandika sentensi ile hawakuwa wavivu. Walikuwa na hoja, na hoja yao ilitokana na hofu.

Hofu hiyo ilikuwa ya kupasuka. Tarehe 20 Machi 1905 boila ya kiwanda cha viatu huko Brockton, katika jimbo la Massachusetts, ilipasuka ikaangusha jengo zima, na watu 58 wakafa. Haikuwa boila ya kwanza kuua watu Marekani, lakini ilikuwa miongoni mwa zile zilizowafanya wahandisi waone haya. Miaka kumi baadaye ASME ilikwisha kutoa kanuni yake ya boila. Kazi ya kutunga kanuni ya mabomba ilianza mwaka 1926, na kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1935; mabomba ya viwanda vya kusafishia mafuta yalipata kitabu chao mwaka 1959, nacho ndicho babu wa ile fotokopi yangu. Ukisoma maandishi hayo kwa utulivu unaona kwamba kila ukurasa unamwogopa adui yule yule: mvuke, gesi au mafuta ya moto yaliyofungiwa ndani, yanayotafuta njia ya kutoka kwa kishindo. Bomba lililo wazi halifungii kitu ndani. Basi likasamehewa.

Hofu hiyo hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kipimo hufanywa kwa maji kwanza, na kwa hewa pale tu ambapo maji hayafai. Maji hayabanwi. Kiungo kikiachia, yanaruka kidogo na presha inaanguka papo hapo. Hewa hubanwa kama springi, na bomba lililojazwa hewa likipasuka, vipande vyake huruka kama vya bomu. Hakuna fundi mwenye akili anayebishana na hilo. Lakini angalia hesabu yake huku kwetu. Bomba lenye kipenyo cha milimeta 200 hubeba takriban lita 31,400 kwa kila kilometa, nazo ni ndoo 1,570 za lita 20. Walioandika kanuni hawakuwa na haja ya kuzihesabu ndoo hizo. Mama wa Bahi au wa Chamwino anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kuchota kwenye mchanga wa korongo angezihesabu moja moja.

Mji wetu wenyewe ni mtoto wa bomba la namna hii, ingawa vitabu vya historia vinasema ni mtoto wa reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Injini za wakati huo zilikuwa za mvuke, na injini ya mvuke hunywa maji kwa maelfu ya lita kuliko inavyokula kuni. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima haifikii sana milimeta 600. Baada ya hapo mito ni mchanga mtupu. Jina la mji, kama wazee wa Kigogo wanavyosimulia, limetokana na tembo aliyekuja kunywa akazama katika tope, akadidimia. Wapo wanaolisimulia kwa namna nyingine, lakini hata hao hulianzia kwenye maji.

Pale stesheni, penye maji ya injini, kilisimama kile kiguzo cha chuma chenye shingo iliyopinda na mpira unaoning'inia, ambacho kilitia maji katika tangi la injini. Huo ndio mfano kamili wa bomba lenye mdomo wazi: valvu iko chini, na juu yake hamna kizuizi chochote hadi hewani. Mdomo wa namna hiyo haupimwi kwa geji. Hupimwa kwa saa, yaani tangi limejaa kwa dakika ngapi, na kwa macho, yaani tope lililo chini ya shingo ni la jana au la leo. Reli ilikuwa na watu wa kulitazama tope hilo kila siku, kwani treni iliyokosa maji Dodoma ilisimama porini. Nataka msomaji alishike jambo hilo, maana baadaye mabomba yalikwenda mahali ambapo mtazamaji hakuwepo.

Mji ulipokua, maji yalitafutwa kwingine. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, lakini maji yake yakazidi kuwa na chumvi, yakawafaa zaidi wavuvi na wakulima wa zabibu kuliko wanywaji. Tegemeo likawa visima virefu vya bonde la Makutupora, huko Mzakwe, yapata kilometa 25 kaskazini ya mji, ambako maji huvutwa kutoka ardhini na kusukumwa kwa pampu hadi matangi ya mjini. Mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA iliyodumu hadi ilipovunjwa mwaka 2017. Wakati mji ulipotangazwa kuwa jiji, mwaka 2018, Serikali ilikwisha kuhamia kweli. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika wilaya ya mjini. Ile ya 2022 ikakuta 765,179. Bonde la Makutupora halikuongezeka hata kwa shubiri moja.

Lakini mjini siko nilikojifunza habari ya mdomo wazi. Nilijifunza vijijini.

Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kuwapatia wananchi wote wa vijijini maji safi karibu na makazi yao, umbali usiozidi meta 400, ifikapo mwaka 1991. Mwaka huo wa 1971 ndio pia wa Operesheni Dodoma, watu walipokusanywa katika vijiji vya Ujamaa. Na kukusanya watu elfu mbili mahali pamoja katika nchi ya Ugogo ni kuahidi maji, utake usitake. Visima virefu vikachimbwa, pampu za dizeli zikafungwa, matangi yakajengwa kwenye miinuko, na mabomba yakateremka hadi vituo vya kuchotea. Kule kwenye milima ya Mpwapwa na Kondoa, ambako chemchemi ziko juu, maji yaliletwa kwa mserereko bila pampu, kukiwa na visanduku njiani vilivyo wazi hewani kwa makusudi, ili kuvunja msukumo kabla haujapasua bomba la chini. Kila meta 10 za mteremko ni kilo moja ya presha kwa sentimeta ya mraba. Ukiteremka meta 150 bila kisanduku, koki za kijijini hazitadumu.

Mwaka 1991 ulipofika, lengo lilikuwa bado mbali, na sera ya maji ya mwaka huo ikaleta neno jipya: kuchangia. Tangu hapo maji ya kijijini yakawa na daftari. Mkoani kwetu idara za maji, maendeleo ya jamii na afya zilifanya kazi pamoja na shirika la WaterAid, mpango ulioitwa WAMMA, na kamati za maji zikafundishwa kuweka mfuko, kununua dizeli na kuandika mapato. Nalisifu jambo hilo bila kusitasita. Kijiji chenye daftari hujua kimepoteza kiasi gani, hata kama hakijui kimepotezea wapi.

Hapo ndipo inapoingia habari ya kijiji kimoja, ambacho pamoja na waliokijengea sitawataja, maana wengine wangali hai na mradi ulikwisha kukarabatiwa. Tangi lilikuwa la mawe, la lita 45,000. Bomba kutoka pampu hadi tangi lilipimwa kwa maji likafaulu. Bomba kutoka tangi hadi vituo lilipimwa likafaulu. Karatasi zilikuwepo na sahihi zilikuwepo. Kilichobaki ni bomba la kufurikia, ambalo kazi yake ni kutoa maji ya ziada tangi likijaa kupita kiasi, na hilo halikupimwa kwa kuwa mdomo wake uko wazi hewani na halina valvu. Kwa mujibu wa sentensi yetu walikuwa sawa kabisa.

Tazama lakini jinsi lilivyofungwa. Lilianzia karibu na dari ya tangi, likateremka ndani ya tangi, likapita kwenye sakafu, likatokea nje na kwenda kumwaga kwenye korongo lenye miiba. Ndani yake bomba hilo ni tupu na liko wazi hewani, sawa. Nje yake, tangi likijaa, limezungukwa na maji yenye kina cha meta mbili na nusu yanayolibana usiku kucha. Presha ipo, iko upande ambao kanuni haikuutazama. Soketi iliyokuwa karibu na sakafu iliungwa kwa katani na rangi, maji yenyewe yalikuwa ya chumvi kama yalivyo mengi ya huku, na baada ya miaka kadhaa nyuzi za soketi zikaliwa. Tangu hapo tangi lilikuwa likijaa jioni na kupungua hadi asubuhi, kimya kimya, kupitia bomba ambalo halikuwa na sababu ya kutoa hata tone.

Daftari likaanza kulalamika. Dizeli ya mwezi iliisha kabla ya mwezi. Fedha za ndoo hazikulingana na saa za pampu. Ukikisia robo lita tu kwa sekunde, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, unapata lita 9,000, yaani ndoo 450 ambazo pampu imezisukuma na hakuna aliyezinunua. Kamati haikuona maji popote. Haikuona tope kituoni wala kando ya bomba kuu. Ilichokiona ni mwendesha pampu, ambaye ufunguo wa nyumba ya mashine ulikuwa wake, na pipa la dizeli lilikuwa chini yake. Walimwita mbele ya mkutano. Alijibu kwamba ameendesha saa zilizoandikwa, akaapa, na mzee mmoja akamwambia, "Mwanangu, dizeli haina miguu." Akaachishwa.

Aliyegundua ukweli hakuwa fundi. Ni mtoto mchungaji, aliyemwuliza mjomba wake kwa nini mbuzi hukimbilia korongo lile mwezi wa Agosti, wakati ambapo hata mbwa hapati pa kulamba. Mjomba alikuwa mjumbe wa kamati. Tulipoitwa, tulikuta majani mabichi chini ya mdomo wa bomba na kwato zimelikanyaga tope likawa kama uji. Kulitengeneza kulichukua siku moja na soketi moja. Mwendesha pampu alikwisha kwenda zake Morogoro kutafuta kazi, na sijasikia kwamba alirudi.

Nimewasimulia mafundi wenzangu habari hii mara nyingi, na wengine hujibu kwamba kosa ni la kulipitisha bomba ndani ya tangi. Lingepitishwa nje ya ukuta yasingetokea hayo. Ni kweli, na matangi mengi hujengwa hivyo. Lakini nadhani wanalikwepa suala. Sentensi ya kanuni ina sehemu mbili, na sehemu ya pili inasema, isipokuwa pale ambapo msanifu ameagiza. Ilipopita kinywa hadi kinywa, kutoka kwa mhandisi hadi kwa msimamizi, kutoka kwa msimamizi hadi kwa fundi na kibarua, sehemu hiyo ya pili ilidondoka njiani. Halafu "si lazima lipimwe" ikageuka kuwa "halipimwi", na mwishoni ikawa kwamba anayetaka kulipima anapoteza muda wa watu na maji ya watu. Kule ilikoandikwa, tone linalodondoka kutoka bomba la kumwagia ni uchafu wa sakafu. Huku lilikuwa mshahara wa mtu.

Hata kule ilikoandikwa, au tuseme katika viwanda vinavyofanana na vile, wamekwisha kujifunza kwamba bomba haliko wazi au limefungwa milele. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, valvu ya usalama ya pampu moja ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo, na mdomo uliobaki wazi ukafunikwa kwa kifuniko cha bamba ambacho hakikupimwa kama kinavuja. Kilikuwa cha kuzuia uchafu tu, maana pampu haikutarajiwa kuwashwa. Zamu ya usiku haikujua. Pampu ya pili ilipozimika wakaiwasha ile ya kwanza, gesi ikatoka kwenye kifuniko hicho, na watu 167 wakapoteza maisha yao. Mdomo ambao mchana ulihesabiwa kuwa si kitu, usiku ulikuwa umebeba presha yote.

Mabadiliko kama hayo hutokea Dodoma pia, ila kwetu yanakwenda kinyume: bomba lililofungwa ndilo hugeuka kuwa wazi. Yanaitwa mgao. Mtaa wenye mgao hupata maji siku fulani na kuyakosa siku nyingine. Valvu ya mtaa ikifungwa, maji yaliyobaki ndani huteremkia nyumba za chini, na nyumba za juu zikiacha koki wazi hewa inaingia. Kuanzia saa hiyo bomba lote ni bomba lenye mdomo wazi, na linanyonya. Lilipojengwa lilipimwa kwa mara moja na nusu ya presha yake, maji yakisukuma kutoka ndani kwenda nje, na mpira wa kiungo ukajikaza vizuri. Hakuna aliyelipima kwa kunyonya. Kiungo kilichopita kwenye mtaro wa maji machafu hunywa mtaro huo. Mwaka 1997, mwaka ambao kipindupindu kiliwashika zaidi ya watu 40,000 katika nchi yetu, tulifundishwa sana kuchemsha maji na kunawa mikono, na ni mafundisho mema; habari ya mabomba yanayonyonya sikuisikia ikitajwa katika mkutano wowote niliohudhuria. Wenye nyumba huuona upande mmoja tu wa jambo hili, pale maji yanaporudi na hewa ikatangulia mbele yake, mita ikazunguka kwa upepo mtupu.

Nalo neno "hewani" lenyewe halina maana moja kila mahali. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa meta 1,100 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Hewa ya Dar es Salaam inaweza kuinua maji katika bomba tupu hadi meta 10 na kidogo. Hewa ya Dodoma huinua 9 tu. Nimeona fundi hodari wa pwani akiifunga pampu yake juu ya kisima kwa vipimo vya pwani, akavuta upepo siku nzima, akamlaumu aliyemuuzia pampu.

Waingereza wa zamani walikuwa na ujuzi wa kupima mabomba yaliyo wazi, na nasikitika kwamba ujuzi huo haukusafiri pamoja na mabomba yao. Mwaka 1871 mtoto wa Malkia, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Edward wa Saba, aliugua homa ya matumbo akakaribia kufa, na lawama zikaangukia mifereji ya maji machafu ya nyumba aliyokuwa mgeni. Katika miaka iliyofuata watu wenye uwezo walitaka mifereji yao ikaguliwe. Mabomba yale yalikuwa wazi juu na chini, geji isingefaa kitu. Wakaguzi wakawa wanapuliza moshi ndani, au wanamimina mafuta ya peremende pamoja na maji ya moto kutoka juu ya paa, kisha mwenzao anapita chumba kwa chumba akinusa. Penye harufu ya peremende pana tundu. Kipimo cha moshi kingali kikitumika mahali pengi hadi leo, na kipimo cha kujaza maji tu, bila kusukuma, kwa kina kile ambacho bomba lingekuwa nacho likiziba, kimo katika desturi za mafundi wa nyumba. Bomba la kufurikia la kijiji chetu lingekamatwa na kipimo cha namna hiyo siku ya kwanza, kwa gharama ya tangi moja la maji ambayo yangebaki humo humo kwa kunywewa.

Siku hizi huku kwetu zimekuja kazi kubwa kuliko zile. Njia ya bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilometa 1,443, inapita katika wilaya za Chemba na Kondoa. Bomba lake lina kipenyo cha inchi 24, na ukitaka kulijaza kilometa moja kwa kipimo cha maji unahitaji kama ndoo 14,000. Vijana wetu waliopata kazi huko wamejifunza vipimo vya hali ya juu, na wanarudi wakitaja namba za kanuni kama wengine wanavyotaja mistari ya Msahafu. Mmoja alinitembelea, tukaketi chini ya mkungugu, nikamwuliza wanafanyaje kuhusu mabomba ya kutolea hewa na ya kumwagia. Akanijibu bila kufikiri, "Mzee, hayo yako wazi, hayapimwi." Nikamwomba anisomee sentensi yote kutoka kwenye simu yake. Akaisoma, akafika kwenye "isipokuwa", akanyamaza kidogo.

Kwa matangi ya vijijini ninayoitwa kuyatazama bado natumia majivu. Jioni tangi likiisha kujaa na pampu ikizimwa, namwomba mama wa nyumba ya jirani majivu makavu ya jikoni, nayatandaza chini ya mdomo wa bomba la kufurikia, la kusafishia na la kila mdomo mwingine ulio wazi, nayasawazisha kwa kipande cha ubao. Mwendesha pampu na mjumbe mmoja wa kamati huwapo nikiyatandaza, na asubuhi huja wote wawili kabla mbuzi hawajafunguliwa. Tone moja huacha shimo dogo lenye ukingo, kama alama ya mvua ya kwanza ya Novemba kwenye vumbi. Tunahesabu mashimo, na mwenye daftari anaandika.